Soko la mkulima wa Vidunda liko uani Mikumi

ABIRIA wa basi la Iringa, Mbeya au Songea akishuka Mikumi huwa na dakika chache tu za kuchimba dawa na kununua chochote. Hununua chipsi, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma au soda, kisha hukimbilia kiti chake kabla dereva hajapiga honi ya mwisho. Huyo ndiye mteja ambaye wafanyabiashara wengi wa mji huo mdogo wamezoea kumkimbilia dirishani, kwa sababu ndiye anayeonekana.

Yupo mteja wa pili ambaye haonekani kutoka barabarani. Huyu huingia mlango wa mbele wa mgahawa, hupita kando ya jiko na kutokea uani. Huko nyuma kuna mwembe au banda la makuti, meza za mbao, viti vya plastiki, ndoo yenye koki ya kunawia mikono na sufuria zinazochemka taratibu. Anayekaa hapo ni dereva wa lori aliyeegesha kwa mapumziko, mwalimu aliyemaliza vipindi, fundi aliyelipwa siku hiyo, mfanyabiashara anayesubiri gari la Kilosa au Ifakara, na siku za mwisho wa wiki ni familia iliyotoka kutembelea hifadhi.

Mteja huyu hana haraka. Anauliza leo kuna nini, anaagiza, anapiga soga, anaongeza sahani na kuagiza kinywaji cha pili. Anakaa saa nzima, pengine mbili. Akiridhika, safari ijayo atapita hapo hapo na atakuja na wenzake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgahawa wenye chakula kizuri uani hauhitaji kijana wa kukimbiza mabasi.

Swali la kujiuliza ni dogo lakini lina uzito wake: kile anachokula mteja huyu kimetoka wapi, na fedha anayoiacha mezani inaishia kwa nani?

Mara nyingi nyanya zimetoka Ilula mkoani Iringa. Vitunguu vimetoka Ruaha Mbuyuni au Malolo. Mchele ni wa Ifakara. Maharage yamenunuliwa dukani, na mwenye duka naye ameyapata kwa mfanyabiashara wa jumla. Kuku, kama si wa kienyeji, ni wa kisasa aliyeletwa kutoka mjini. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Biashara haina mipaka ya kata, na hakuna anayeweza kumlaumu mama lishe kwa kununua penye uhakika.

Hata hivyo, kusini mwa Mikumi, juu ya Kidodi, imesimama milima ya Vidunda. Huko wakulima wanalima mahindi, maharage na ndizi, na karibu kila kaya ina kuku wanaozunguka uwanjani. Mavuno yakishafika, mkulima wa Vidunda hukaa na magunia yake akimsubiri mnunuzi apande mlima. Mnunuzi huyo anakuja na bei yake mfukoni, na mara nyingine anakuja na gunia lililofungwa kwa mtindo wa lumbesa. Mkulima anauza kwa sababu ada ya shule haisubiri.

Kwa maneno mengine, mji unaotafuta maharage na kuku kila siku upo chini ya mlima ambao watu wake wanatafuta mnunuzi. Kinachokosekana kati yao ni makubaliano.

Somo liko bondeni

Mkulima wa Vidunda hahitaji kusafiri mbali kuona makubaliano ya namna hiyo. Akishuka Kidodi na Ruaha anawakuta wakulima wa nje wa miwa wanaouza kwa kiwanda cha sukari cha Kilombero. Kilimo chao kina matatizo yake, na malalamiko kuhusu bei, vipimo na zamu za kuvuna si mageni. Lakini mkulima wa miwa anajua jambo moja kabla hajachimba mfereji wa kwanza: anamjua atakayenunua.

Mkulima wa maharage mlimani hajui. Analima kwanza, anavuna, ndipo anaanza kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya shamba la bondeni na shamba la mlimani, na haitokani na rutuba ya udongo wala bidii ya mtu.

Wapo watakaosema kuwa mgahawa hauwezi kulinganishwa na kiwanda. Ni kweli, mmoja hauwezi. Lakini hesabu ya migahawa kadhaa kwa pamoja inashangaza, na ni vyema ikafanywa kwa kalamu badala ya kukisiwa.

Chukua mfano wa mgahawa mmoja wa kawaida unaouza sahani 60 zenye maharage kwa siku. Sahani moja ikitumia gramu 60 za maharage makavu, mgahawa huo unahitaji kilo 3.6 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 108, yaani zaidi ya gunia la kilo 100. Migahawa mitano ya aina hiyo inahitaji kilo 540 kwa mwezi, na kwa mwaka inakaribia tani sita na nusu. Ekari moja ikitoa kilo 400, hayo ni mavuno ya ekari 16 hivi, ambayo mnunuzi wake anajulikana kabla mbegu haijaingia ardhini.

Na hayo ni maharage peke yake. Hapo hazijahesabiwa ndizi za kupika na za kuchoma, mahindi ya unga wa ugali, mboga za majani, limau wala pilipili.

Kuku wa uani

Kwa kuku hesabu ni nzuri zaidi, na pia ni ngumu zaidi. Mteja wa basi anaridhika na chipsi. Mteja wa uani, ambaye yuko tayari kusubiri kuku achemke hadi alainike, anataka kuku wa kienyeji na yuko tayari kulipa zaidi kwa ajili yake. Ndiyo maana uani ni soko la aina ya pekee: muda ambao abiria hana, huyu anao, na chakula cha kijijini kinahitaji muda.

Mgahawa unaouza kuku watano kwa siku unahitaji kuku 150 kwa mwezi. Hakuna kaya moja ya Vidunda inayoweza kutoa idadi hiyo kwa ufugaji wa kuachia kuku wajitafutie. Lakini kaya 30, kila moja ikitoa kuku watano kwa mwezi, zinaweza.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kuku wa kienyeji huchukua takriban miezi mitano au zaidi kufikia uzito wa kuuzwa. Kaya inayotaka kuuza watano kila mwezi inapaswa kuwa na wasiopungua 25 wa umri tofauti wanaokua, mbali na mitetea na jogoo wa mbegu. Mitetea ikiatamia yote kwa wakati mmoja, baada ya siku 21 vifaranga watatoka kwa pamoja, watakua kwa pamoja na watauzwa kwa pamoja. Kisha mgahawa utakaa miezi bila kuku na utarudi kwa kuku wa kisasa. Kupanga zamu za kuatamia ni kazi ndogo isiyohitaji fedha, ila inahitaji daftari.

Adui mkubwa ni mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Unaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Chanjo yake ipo na ni ya bei nafuu. Ile ya I-2 inayovumilia joto, ambayo pia hutengenezwa hapa nchini Kibaha, hutolewa kwa tone moja katika jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa chupa moja inatosha kuku wengi, mfugaji mwenye kuku kumi peke yake huona ni hasara kuinunua. Wafugaji wa kitongoji wakichanja siku moja kwa pamoja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo sana. Mfugaji asiyechanja hana haki ya kuahidi kuku 150 kwa mtu yeyote.

Kila upande una kosa lake

Ukiwasikiliza wenye migahawa katika miji midogo kama Mikumi, lawama yao ni moja: mkulima wa milimani hana uhakika. Leo analeta mikungu mitatu, kesho haonekani, na wiki ya pili anafika na mzigo ambao hakuna aliyeuomba. Bei ikipanda kidogo kwingine anawasahau waliomnunulia wakati wa neema. Mteja aliyekaa mezani hawezi kuelezwa habari za matope ya mlimani. Anataka kula.

Ukiwasikiliza wakulima, nao wana lao. Mwenye mgahawa huchukua mzigo na kusema "njoo kesho". Kesho inakuwa keshokutwa, na nauli ya kufuata deni inazidi faida. Wengine hukadiria kwa macho badala ya kupima, na wengine huteremsha bei wakijua kuwa mkulima hawezi kurudi mlimani na kuku mkononi.

Pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo sababu lawama hizo hazimalizi tatizo. Linalohitajika ni kila mmoja kuacha kosa lake kwa faida yake mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki wa kibiashara usio na maandishi huishia kwenye ugomvi.

Makubaliano yenyewe hayahitaji mwanasheria wa kutoka Morogoro. Karatasi moja inatosha ikitaja mambo matano: kitu gani, kiasi gani, siku zipi za wiki, bei gani kwa kipindi gani, na malipo yatafanyika lini. Ishuhudiwe na mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, na kila upande ubaki na nakala. Bei ikiwekwa kwa miezi mitatu mitatu, mkulima hatapunjwa sana soko likipanda, wala mgahawa hautaumia sana likishuka. Kipimo kiwe mizani. Debe, sado na fungu ni chanzo cha manung'uniko, na lumbesa ni kinyume cha sheria ya vipimo.

Malipo yafanyike mzigo unapopokelewa. Kwa kuwa siku hizi fedha hutumwa kwa simu, mwenye mgahawa hana kisingizio cha kusema mhasibu hayupo. Kama hawezi kulipa siku hiyo, basi hajawa tayari kununua kwa mkulima, na aendelee kununua kilo mbili mbili dukani.

Barabara na masika

Jambo ambalo haliwezi kupuuzwa ni usafiri. Njia za kupanda Vidunda ni za mwinuko, na masika ya Machi hadi Mei yakikolea huwa mtihani hata kwa pikipiki. Mkulima anayeahidi kuleta mzigo Jumanne na Ijumaa mwaka mzima bila kufikiria masika anadanganya, hata kama hakukusudia.

Dawa ni kushusha mapema kile kinachoweza kuhifadhiwa. Maharage yaliyokaushwa vizuri na kufungwa katika mifuko isiyopitisha hewa, maarufu kama PICS, hukaa miezi mingi bila kutobolewa na wadudu na bila kutiwa dawa. Kikundi kikikodi chumba kimoja Kidodi au Mikumi na kuweka humo magunia kabla ya mvua, matope ya Aprili hayatakuwa habari mbaya tena. Kuku nao wanaweza kushushwa siku moja kwa wiki kwa gari moja lililokodiwa na watu wengi, badala ya kila mtu kupanda pikipiki na matenga mawili. Nauli ya mtu mmoja mmoja ndiyo inayokula faida ya mlimani.

Upo pia woga wa ushuru njiani. Mkulima mdogo anapaswa kujua kuwa mwaka 2017 Serikali ilitangaza kufuta ushuru wa mazao kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Zaidi ya hayo, Vidunda na Mikumi zote zimo katika Wilaya ya Kilosa, hivyo mzigo huu hautoki nje ya wilaya. Anayeombwa fedha njiani aombe stakabadhi, na akiwa na shaka aulize ofisi ya halmashauri kabla ya kulipa.

Kwa wenye mgahawa

Mzigo wote usiwekwe mgongoni mwa mkulima. Mwenye mgahawa anayetaka uani wake ujae anapaswa naye kubadilika.

Kwanza, uani uwe safi. Kipindupindu kikizuka, vibanda vya chakula ndivyo vinavyofungwa mwanzo. Maji ya kunawa, choo kinachofaa, vyombo vilivyokaushwa juu ya kichanja na wahudumu waliopimwa afya ni mtaji sawa na sufuria. Mteja anayekaa saa mbili anaona mambo ambayo mteja wa dakika kumi hawezi kuyaona.

Pili, chakula kitajwe kwa jina lake. Watu hununua mchele kwa bei nzuri kwa sababu tu ni wa Kilombero au wa Kyela. Hakuna sheria inayozuia ubao wa mgahawa kuandikwa "Maharage ya Vidunda" au "Kuku wa Vidunda", mradi ni kweli. Jina likishazoeleka, mkulima anapata thamani na mgahawa unapata sifa ambayo jirani hawezi kuiiga bila kupanda mlima huo huo.

Tatu, jiko liangaliwe. Nyama choma na sufuria za maharage hula mkaa mwingi, na miti ya milimani ndiyo inayolinda maji ya wakulima. Wilaya ya Kilosa ina mfano wa kujivunia: vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Kitunduweta na Ihombwe vilitenga misitu ya vijiji na kuvuna mkaa kwa mpango, chini ya mradi ulioanza mwaka 2012, na mapato yakabaki kijijini. Mgahawa unaonunua mkaa wa aina hiyo, au unaohamia kwenye gesi kwa vyakula vya haraka na kubakiza mkaa kwa choma, unalinda chanzo cha chakula chake. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa moto mdogo zaidi. Hilo halina gharama yoyote.

Wakati wa kuanza

Mazingira ya biashara Mikumi yanabadilika. Treni ya SGR ilianza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na safari hiyo sasa ni ya chini ya saa mbili. Kutoka Morogoro hadi Mikumi ni kama kilomita 120 za lami. Familia ya Dar es Salaam inaweza kuamua Ijumaa kwenda kuona tembo Jumamosi. Kwa upande mwingine, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baadhi ya abiria walianza kupita Mikumi wakiwa usingizini. Anayetegemea mteja wa dirishani pekee ameweka mayai yake yote kwenye kapu linalotikisika. Mteja wa uani ndiye wa kujengewa.

Mtaji nao una njia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kikundi cha wafugaji kinachokwenda kuomba kikiwa na karatasi ya makubaliano na migahawa mitano kina hoja nzito kuliko kikundi kinachosema tu kwamba kinataka kufuga kuku. Ofisa anayepitia maombi anataka kujua marejesho yatatoka wapi, na karatasi hiyo ndiyo jibu.

Pasiwe na haraka ya kuanza na makubwa. Kaya kumi na mgahawa mmoja zinatosha kwa miezi mitatu ya kwanza: gunia moja la maharage kwa mwezi, kuku kumi kwa wiki, mikungu michache ya ndizi kila Ijumaa. Hapo itaonekana nani ni mkweli na nani ni wa maneno. Muungwana ni vitendo. Baada ya hapo wa pili na wa tatu watakuja wenyewe, kwa sababu mama lishe huulizana, na wakulima hali kadhalika.

Mteja aliyekaa chini ya mwembe hatajua lolote kati ya hayo. Yeye atanawa mikono, atamega ugali, atauliza kama kuna mchuzi wa kuongeza. Lakini fedha atakayoacha mezani siku hiyo inaweza kufika mlimani kabla ya jua kuzama, ikalipa daftari na kalamu za mtoto wa Vidunda. Inaweza pia kupita juu ya barabara kuu kama mabasi yanavyopita, na mlima ukabaki unaitazama. Uamuzi huo uko mikononi mwa watu wawili tu: anayelima na anayepika.